Jiwe la Mpaka Chini ya Sufuria

Mliokosa gazeti la wiki jana, msiende kumsumbua jirani. Nawapasha mwenyewe, tena kwa kifupi.

Mimi ni msusi. Wateja wananiita Mama Saluni, ingawa saluni yenyewe ni chumba kimoja chenye viti vitano na midomo kumi. Mimi na mume wangu, seremala, tunapanga kwa mwenye nyumba anayehesabu viatu mlangoni kwetu. Vikizidi jozi sita, anagonga. Na mimi bila wageni siwezi kuishi. Nanyauka kama mboga ya juzi.

Ndipo nikaipata nyumba ya Mwalimu. Mwalimu amestaafu, anahamia kwa binti yake, anauza. Sebule yake, watu wakijibana kidogo, wanakaa arobaini.

Pesa sina. Anayo Dada Mkubwa, dada yangu wa tumbo moja, muuguzi mstaafu. Ni kiinua mgongo chake chote, miaka thelathini na mitatu ya kuchoma watu sindano. Tukakubaliana tununue pamoja, tuzeeke pamoja. Sharti lake lilikuwa moja tu: kiwanja kipimwe kwanza na mpima anayetambulika, mipaka ijulikane, ndipo tusaini kwa wakili Ijumaa.

Dalali akanitisha kwamba kuna mteja mwingine yuko mlangoni. Basi nikapiga simu, nikamwambia Dada kiwanja kimeshapimwa.

Hakikuwa kimepimwa hata kwa kamba ya viatu.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana. Sasa sikilizeni.

Jumatatu asubuhi simu ikalia.

"Mdogo wangu, ile ripoti ya mpima ina kurasa ngapi?"

Swali gani hili jamani?

"Mbili," nikasema. Halafu nikaona mbili ni chache kwa kiwanja kizima. "Tatu. Na ramani."

"Imegongwa muhuri?"

"Dada, mihuri mpaka nyuma."

"Vizuri. Nitaisoma nikifika Alhamisi."

Akakata. Nikabaki na kitana mkononi na mteja kichwa nusu.

Nikamfuata mume wangu karakanani kwake. Alikuwa anapiga randa, akaniacha nimalize maneno yote ndipo akapuliza vumbi.

"Umemdanganya muuguzi," akasema. "Hao wanamjua mwongo hata akiwa amelala."

"Sasa nifanyeje, mume wangu?"

"Una siku tatu. Kafanye uongo wako uwe kweli."

Nikaenda ofisi ya ardhi. Foleni ilikuwa ndefu, sikujali, foleni kwangu ni baraza. Mpaka nafika dirishani nilishajua mzee wa mbele yangu ana wake wangapi, na yupi hajui kwamba wapo wengine.

Karani hakuinua macho. "Shida?"

"Nataka kupimiwa kiwanja, mdogo wangu. Kabla ya Alhamisi."

"Alhamisi ya mwezi gani?"

"Ya wiki hii hii!"

Hapo akainua macho. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kifungo. Kwanza ofisi itoe ramani na vipimo vya kiwanja. Kisha nichukue mpima aliyesajiliwa, sio fundi mwenye futi. Mpima aende, atafute mawe ya mpaka, apime kila kona, alinganishe na ramani. Jirani lazima awepo, aone kwa macho yake, na asaini kwamba ameona.

"Na hayo mawe," nikauliza, "ni lazima yawepo?"

"Ni mali ya serikali, mama. Yanakaa pale pale yalipopandwa. Anayeng'oa ana kesi."

"Na je, aking'oa halafu akarudisha?"

Karani akaweka kalamu chini.

"Mama, umeng'oa jiwe?"

"Mimi? Namuulizia shoga yangu."

Bahati yangu, mpima mmoja alikuwa pale pale benchini, mama mnene mwenye buti zilizojaa udongo, anamenya yai la kuchemsha. Mteja wake wa Jumatano alikuwa ameahirisha. Nikamshika mkono kabla hajameza.

Sasa wasomaji, tuambiane ukweli, maana ninyi hamwezi kunishtaki.

Jumapili tatu nyuma, Mwalimu alinipa ufunguo. "Kaiangalie nyumba kwa nafasi," akasema. Nikaenda kuiangalia. Nikaenda na watu thelathini na wanane.

Sasa watu thelathini na wanane watakaa na njaa? Tukabeba sufuria la harusi, tukawasha moto uani. Mawe ya kuwekea sufuria tukapata mawili. La tatu hakuna. Mmoja wetu, muuza mitumba, mwanamke mwenye mikono kama ya bondia, akazunguka kona ya mbele karibu na barabara. Akaita: "Jamani, njooni mwone jiwe! La mraba, la zege, tena lina kichuma katikati!"

Ni kweli lilikuwa jiwe zuri. Tukaling'oa kwa mtaimbo huku tunaimba. Chakula kikaiva sawasawa, sikumbuki sufuria lililotulia vile.

Jioni dalali akapita kunisalimia. Akaangalia chini ya sufuria. Akakaa chini mwenyewe bila kukaribishwa.

"Mama Saluni, hilo ni jiwe la mpaka."

Tukalirudisha mara moja. Lakini wapi? Tulikuwa tumemwaga maji ya vyombo kona ile, shimo limefunikwa na tope, kulia na kushoto ni sawasawa. Huyu anasema hapa, huyu anasema pale. Mwisho ishirini waliokuwa bado hawajaondoka wakapiga kura. Tisa wakasema karibu na nyumba, kumi na mmoja wakasema mbali na nyumba. Wale kumi na mmoja, sasa ndio naelewa, walikuwa wananipenda.

Tukalipanda, tukalisugua masizi, tukaenda zetu.

Jumatano saa nne asubuhi tukakutana kiwanjani. Mwalimu alikuja amepiga pasi mpaka soksi, hati yake kwapani ndani ya bahasha. Mpima akaja na mashine yake yenye miguu mitatu. Kiwanja kina barabara mbele, mfereji nyuma na kichochoro ubavuni, kwa hiyo jirani ni mmoja tu. Tunamwita Fundi Saa, kwa sababu anatengeneza saa pale pale dirishani kwake. Alitoka na ile lenzi yake bado imembana kwenye jicho moja.

Akanitazama kwa jicho lile la lenzi. Nikajiona mkubwa kama tembo.

"Wewe ndiye wa Jumapili ile?"

"Ndimi, jirani! Na ulikosa chakula. Siku nyingine usisubiri kuitwa, wewe—"

"Nilikuwa na saa mbovu kumi na mbili mezani," akasema. "Saa inatengenezwa kwa sikio, mama. Siku ile sikusikia hata moyo wangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mpima akaanza kazi. Anasimamisha mashine, anatembea na fimbo yake, anaandika. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi namfuata nyuma na maneno, nikimuuliza kama ana watoto, kama wanasoma, na nywele zake anasuka kwa nani. Kona ya nne, ile ya mbele, akasimama muda mrefu kuliko kawaida.

Akachuchumaa. Akalipapasa jiwe. Akanusa vidole.

"Kwa nini jiwe hili lina mafuta?"

Jamani, masizi tulisugua. Mafuta hatukuyafikiria.

"Kona tatu zimekaa kwenye mstari," akasema Mpima. "Hili limekwenda matembezi. Hatua mbili nzima."

"Kwenda wapi?" akauliza Fundi Saa.

"Kwako."

Lenzi ikamtoka jichoni. "Limeingia kwangu? Limeingia kwangu! Mwalimu, huyu mwanamke hajanunua bado, ameshaanza kunila!"

"Jirani, tulia—"

"Nitulie nini? Leo hatua mbili, kesho yuko kitandani kwangu na wageni wake!"

Nikaona bora niseme. Nikasema yote, sufuria, mtaimbo, kura na wale kumi na mmoja. Mwalimu akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Mpima akanisikiliza mpaka mwisho, uso haujabadilika.

"Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii," akasema. "Nimekuta mawe yameng'olewa na trekta, yameng'olewa na mafuriko, yameng'olewa na ndugu wa baba mmoja. Lililopikiwa, hili ndilo la kwanza."

"Nimekwisha?"

"Kona haikai kwenye jiwe, mama. Inakaa kwenye vipimo. Nitalirudisha mahali pake. Lakini nitaandika kwenye ripoti, na utakwenda kujieleza ofisini kwa mdomo wako huo huo."

Nikashukuru Mungu. Kujieleza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Nikaanza hata kupanga moyoni viti vitakaa wapi sebuleni.

Lakini Mpima hakufunga mashine.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akafungua ramani ya ofisi magotini, akaweka namba zake kando. Akaangalia. Akageuza ramani. Akanyanyuka, akapima tena kona mbili, akarudi kukaa.

"Mwalimu, hati yako ni ya kiwanja namba ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na hapa tulipo?"

Mwalimu akatabasamu kama anayeulizwa jina lake. "Kumi na nne."

"Hapa ni kumi na tano."

"Kumi na tano ni yangu," akasema Fundi Saa polepole. "Hati yangu ndiyo kumi na tano."

"Basi hati yako iko hapa, baba. Chini ya nyumba ya Mwalimu. Na hati ya Mwalimu iko kule, chini ya nyumba yako."

Walinunua siku moja, miaka ishirini na miwili iliyopita. Dalali wa enzi hizo aliwasimamisha barabarani, hakutaka kuchafua viatu, akanyoosha kidole: Mwalimu huku, Fundi kule. Wakajenga. Wakapanda maua. Wakasalimiana kila asubuhi miaka yote hiyo, kila mmoja yuko juu ya kiwanja cha mwenzake, na hakuna aliyewahi kuita mtu wa kupima.

Mpima akanigeukia mimi.

"Ungesaini Ijumaa kwa hati hii, ungekuwa umenunua nyumba ya Fundi Saa."

Nikaona kiinua mgongo cha Dada kinapita mbele ya macho yangu, kinanipungia mkono. Nikakaa kwenye ngazi karibu na Mpima.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Ipo. Hawa wawili waende ofisini, wabadilishane hati, kila mtu apate ya pale alipojenga. Baada ya hapo Mwalimu anauza kihalali. Inataka sahihi mbili. Ya Mwalimu na ya Fundi."

Mwalimu alikuwa ameshatoa kalamu. Sote tukamtazama Fundi Saa.

"Sisaini," akasema.

"Jirani!" Mwalimu akashtuka. "Miaka ishirini na miwili!"

"Wewe sina neno na wewe, Mwalimu. Wewe ulikuwa unasoma magazeti yako kimya kimya, nasikia hata ukigeuza ukurasa. Lakini nikisaini, wewe unatoka na anaingia huyu." Akanielekezea lenzi. "Na huyu haji peke yake."

"Lakini na nyumba yako iko kwenye hati ya mwenzako," akasema Mpima.

"Mwalimu hawezi kunifukuza. Unaweza kunifukuza, Mwalimu?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Siwezi."

"Basi. Imekaa miaka ishirini na miwili, itakaa."

Nikambembeleza. Nikamwambia nitapunguza wageni, akaniuliza mpaka wangapi, nikasema ishirini. Nikamwambia nitamsuka mke wake bure, akasema ni mjane. Nikamwambia basi mimi ndiye nitakayemtafutia mke, nina wateja wazuri, na hapo akaanza kurudi ndani kwake.

Ndipo gari la kukodi likasimama barabarani.

Mlango ukafunguliwa. Ukatoka mkoba mweusi kwanza, halafu viatu vyeupe, halafu mwenyewe. Dada Mkubwa. Jumatano! Siku nzima kabla!

"Basi la leo lilikuwa na nafasi," akasema. "Hamjambo wote? Mume wako kanielekeza huku." Akamwona Mpima na mashine yake, uso ukachangamka. "Ahaa. Wewe ndiye mwenye ile ripoti ya kurasa tatu? Nakushukuru sana, mwanangu."

Nilijaribu kukohoa. Hakuna aliyenielewa.

"Mimi ndiyo nimefika leo, mama," akasema Mpima. "Kiwanja hiki hakijapimwa tangu mawe yapandwe."

Dada hakupiga kelele. Angenipiga kofi ningefurahi, kofi lina mwisho. Alinitazama tu, kama anavyotazama kipimajoto, akasoma alichosoma, akaniacha.

"Nieleze kuanzia mwanzo," akamwambia Mpima.

Akaelezwa. Akauliza maswali matatu, akarudia namba za viwanja mpaka zikamkaa. Kisha akaenda kwa Fundi Saa, aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango wake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, ingawa sidhani kama nimekuzidi."

"Wewe hutaki nini hasa?"

"Sitaki kelele."

"Mimi nimekaa wodini miaka thelathini na mitatu," akasema Dada. "Kelele nimesikia zangu na za watu. Nalala saa mbili. Redio yangu ilikufa mwaka juzi, sikuipeleka kwa fundi."

Fundi Saa akaachia kitasa. "Ilikuwa ya aina gani?"

"Ndogo, ya mezani."

"Usiilete." Akanionyesha kwa kidevu. "Na huyu?"

"Huyu ni mdogo wangu. Nampenda. Nimemlea mimi, nimembeba mgongoni. Lakini leo nimejua kitu: akiniambia kimepimwa, nikapime mwenyewe."

"Dada—"

"Nyamaza kwanza. Kaka, nanunua peke yangu. Naishi humu peke yangu. Huyu atakuja kama mgeni. Siku na saa za kutembelea utapanga wewe, kama wodini."

Fundi Saa akatafakari. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nikaona meno yake.

"Jumapili. Saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Watu wawili."

"Wawili akiwemo yeye, au bila yeye?"

"Akiwemo."

"Dada!" Nikasimama. "Sebule ya watu arobaini!"

"Nitaweka kiti kimoja na stuli."

Akakaa kwenye ngazi, akachana karatasi kwenye daftari lake, akaandika kwa ule mwandiko wake wa hospitali ambao mimi pekee katika ukoo ndiye ninayeusoma. Mistari mitatu. Kwamba mimi, mdogo wake, najitoa katika ununuzi wa nyumba hii, sina fungu ndani yake, sasa wala baadaye.

"Weka sahihi. Fundi akiiona ya kwako, ataweka ya kwake. Ndivyo tulivyosema, kaka?"

"Ndivyo."

Mpima akanipa kalamu.

Nikaishika. Nikisaini, hati zinabadilishwa, Dada anapata nyumba ya mipaka safi, pesa yake inapona, na mimi nakuwa mgeni wa saa mbili tu kwa wiki, na mtu mmoja ubavuni. Nisiposaini, Fundi hasaini, Mwalimu haendi kwa binti yake, na Dada anapanda basi la jioni na ule mkoba, na sijui kama simu yangu atapokea tena.

Watu wanne walikuwa wananitazama.

"Dada, nipe mpaka kesho."

"Kesho hawa wawe ofisini, Ijumaa mimi kwa wakili. Ni sasa, au basi la jioni."

Nikainamia karatasi. Mkono haukwenda.

"Mama, samahani," akasema Mpima, ameshafunga mashine yake na kuitia begani. "Kalamu ni yangu. Na saa tisa nina kiwanja kingine."